Kilichoua Mimea ya Limi

Limi alikuwa na mimea inayokula wadudu, na hapa Rwamgasa tulimcheka. Wenzake hupanda mchicha. Yeye akapanda kitu kisicholiwa, vijani vyekundu vyenye vinyweleo na matone ya ulimbo. Inzi akitua hapo, hatoki. Mimi jirani yake nilikuwa wa kwanza kucheka.

Aliitoa kwenye kinamasi alikochunga ng'ombe utotoni. Marehemu baba yake ndiye aliyemwonyesha. Wachimbaji walipokigeuza kinamasi kile kuwa mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, Limi alikimbia na ndoo, akaokoa mashina manne. Leo huko ni mashimo na tope la kijivu tu.

Shina moja aliliua mwenyewe kwa maji ya kisima, ndipo akajua kwamba mimea hiyo haitaki chumvichumvi. Akaweka pipa la bluu chini ya bati, akawa anainywesha maji ya mvua tu. Mbolea hakuitia hata chembe. Alikuwa akiniambia, huku anashona sare za shule, kwamba mmea ule umezoea ufukara, ukiushibisha unakufa. Aliniambia mpaka nikayajua yote kwa moyo.

Mwezi wa Agosti Limi alikwenda Kahama kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Mama mkwe wake akaja kutoka kijijini, upande wa Shinyanga, kumwangalizia nyumba. Limi alimwachia agizo moja: maji ya pipa, basi.

Bibi yule amekulia zizini. Alipoona mchanga mtupu na vijani vile vyembamba, alimwonea mkwewe aibu. Asubuhi moja nilimkuta amekoroga samadi kwenye maji ya kisima, anaimwagia mimea taratibu kwa kata. Nikamwamkia.

"Marahaba, ng'wanone," akasema. "Mwanangu, hivi vilikuwa vinakufa njaa."

Nilijua. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nani amfundishe mama wa Kisukuma kazi ya samadi, tena mimi Ghati, mtu wa kuja kutoka Tarime? Nikamsifu. Nilisema amefanya vizuri, nikaenda zangu kuanika nguo.

Limi alirudi siku ya tisa, ameshika tumbo. Mimea ilikuwa myeusi, imelala juu ya mchanga ulioota ukungu. Mama mkwe akamsimulia kwa furaha jinsi alivyoilisha, na jinsi alivyolihurumia pipa, kwa kuwa maji ya mvua hayapatikani kiangazi. Pipa lilikuwa vilevile alivyoliacha.

Limi akapiga magoti kwa shida.

"Asante, mama," akasema.

Niliona uchungu wake, na adabu imeukalia. Ningeondoka wakati ule, lakini bibi alinishika mkono. Alitaka na mimi nipate sifa yangu.

"Hata Ghati alikuwepo," akasema. "Aliona, akasema nimefanya vizuri."

Limi, bado yuko magotini, akainua macho. Hakumtazama mama mkwe wake. Alinitazama mimi.