Kinyozi wa Zohali

Mkewe anaapa kwamba kinyozi yule, hata akiwa uani mbele ya kidarubini chake kisichozidi urefu wa mkono, bado ananyoa. Giza likianza tu kuingia anakiweka juu ya stuli, anapuliza kioo kama anayepuliza nywele shingoni mwa mteja, anaifunga simu kwa mpira kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha anabana pumzi. Vidole vyake, vinavyonuka spiriti kutwa, havitikisiki. Mkaidi ni Zohali, sayari ile yenye pete. Hewa inamtetemesha, mara anateleza nje ya kioo. "Tulia basi, mzee," kinyozi anambembeleza, "nakaribia kumaliza." Mkewe, ambaye kazi yake ni kuzima taa ya uani na kuwafukuza wanaopitapita, huvunjika mbavu kwa kucheka.

Juzi picha moja ilikubali. Zohali mdogo kama punje ya mchele, lakini pete imemzunguka waziwazi. Kinyozi akaitundika sebuleni, kati ya picha ya harusi na ya mama mkwe. Mdogo wake alipokuja kuwatembelea akaikodolea macho, akatoa simu yake, akamtafuta Zohali mtandaoni. "Mbona humu yumo mkubwa, tena anang'aa?" Kinyozi akajifuta mikono kwenye suruali, mikono ambayo haikuwa na kitu. Aliyejibu ni mke, kidevu juu.

"Huyo wako umemkuta humo, shemeji. Huyu alikuja hapa uani kwetu, akabembelezwa mpaka akatulia. Na taa nilizima mimi."