Jina Kwenye Madigadi

Mdogo wangu wa mwisho alikuja Miteja juzi na pikipiki mpya, akaiegesha uani kwangu. Nyuma, kwenye madigadi, ameandikisha kwa rangi nyekundu jina la yule mtawala wa Ujerumani aliyewaua Mayahudi. Jina lenyewe silirudii hapa. Nilikuwa natwanga makopa ya muhogo, nikauacha mchi kinuni.

"Dada, ni jina tu," akasema. "Jamaa alikuwa mkali."

"Mkali kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Tena kijiweni wanasema mambo ya kuua watu ni uongo."

"Chagueni moja basi. Kama hakuua, mnamsifia ukali gani?"

Akacheka, akaomba uji. Nikamwambia uji upo, ila pikipiki hiyo hailali hapa.

Huyu alikuwa hajaota jino mama alipomfuata baba kaburini. Mimi nilikuwa darasa la tano, mkubwa wa wanne. Bibi alikuwa porini kutwa akichimba ming'oko, mizizi ya mwituni tuliyokula, hivyo mtoto nilimfunga mgongoni nikaenda naye shule, chaki inanukia huku na mkojo huku. Jirani yetu, muuza samaki wa kukaanga, ndiye aliyeanza kusema nyumba yetu ina mkosi. Akaacha kutusalimia. Haukupita muda, wanawake kisimani wakawa wanangoja nichote niondoke ndipo watumbukize ndoo zao. Darasani wenzangu wakahamia madawati mengine, nikabaki peke yangu na mtoto analia.

Mwalimu wa historia, mtu mwembamba wa kukohoakohoa, hakumgombeza yeyote. Alifunga kitabu, akaja kukaa dawatini kwangu, akampakata mtoto, akaanza kusimulia. Kule Ujerumani, alisema, serikali iliwatangazia watu kuwa Mayahudi ni kunguni wa nchi, na watu wazima waliosoma wakaamini. Walianza kwa kuwanyima salamu. Wakawafukuza watoto wao shuleni, wakawanyang'anya maduka, kisha nyumba. Mwisho wakawasomba kwa treni kama ng'ombe hadi makambini, wakawaua kwa risasi, kwa njaa na kwa hewa ya sumu, mamilioni. Akamwinua mdogo wangu ili darasa zima limwone.

"Hata wa umri huu. Askari na buti zake na bunduki yake, adui yake ndiye huyu."

Mtoto akamkojolea shati. Tulicheka wote, na kesho yake msichana mmoja akarudi dawatini kwangu.

Jioni nilimsimulia bibi, tunakula ming'oko kwa chumvi. Hakushangaa. Mama yake alikuwa mwali huko milima ya Matumbi Mjerumani alipochoma maghala wakati wa Maji Maji, na ming'oko hiyohiyo ndiyo iliyomvusha kwenye njaa. "Anayepigana na ghala la mtama ni mwoga," bibi alisema. "Mpe bunduki kumi, bado ni mwoga."

Sijapata neno lingine la kuwafaa watu wa yule mtawala. Majitu mazima, kofia na mikanda inang'aa, yanajaa uwanjani kupiga kelele, na kumbe yanachokiogopa ni fundi cherehani wa Kiyahudi na watoto wake. Na vijiweni kwetu leo kuna wanaume wanaolikariri jina la mkubwa wao wakidhani wanajiongezea ndevu.

Shule niliiacha mwaka uleule. Lakini mwalimu alizoea kupita mlangoni kwetu kila asubuhi, akasimama, akaita kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani: "Hodi humu. Mmeamkaje, wanangu?" Aliita hivyo mpaka yule muuza samaki akaona haya, akatusalimia.

Haya yote nilimweleza mdogo wangu palepale uani, uji wake unapoa.

"Huyo mtoto ni mimi?"

"Ni wewe. Na shati ulilolilowesha lilikuwa moja tu alilokuwa nalo."

Aliumaliza uji. Kisha akaomba kisu, akachutama nyuma ya pikipiki, akaanza kukwangua. Fundi alikuwa ameipaka kwelikweli, rangi ilitoka kwa shida. Sikumsaidia.

Mwalimu alishakufa, darasa lile limebomolewa, na siku hizi watu hupitana njiani kwa honi. Nikarudi kinuni. Kila nilipoinua mchi nilisikia kisu kikikwaruza, na sikio langu lingine lilikuwa mlangoni, kama bado kuna mtu wa kupita na kuita.