Alisema Hakusikia, Leo Naulizwa Mimi

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, naishi Maskati na wazazi wangu, watu wa asili ya Unguja. Kazi yangu iko Al Khuwair, ofisini, kazi ya kukalia kiti tangu asubuhi. Sijaoa. Nayaandika haya nikiwa na hasira na sina nia ya kuificha, kwa hiyo mnaopenda maneno matamu mtanisamehe.

Chuoni nilikuwa beki wa kati. Si beki wa kujazia nafasi, beki hasa, mpaka baba yangu asiyejua mpira alikuwa anakuja kutazama. Pembeni yangu alicheza rafiki yangu, nitamwita Nasor, ambaye kwao wanazungumza Kiswahili kama kwetu. Wenzetu wote walikuwa Waarabu wasiojua hata neno moja. Basi lugha ya mama zetu tukaifanya silaha. Mshambuliaji wa wapinzani akijipanga kupokea mpira, mimi naita, mabeki tunapanda mbele kwa pamoja, naye anabaki nyuma yetu ameotea. Maneno tuliyabadilisha kila mechi ili wasiyazoee, na tulipenda ya jikoni. Leo "mandazi" ni kupanda na "urojo" ni kubaki, kesho mengine. Mabeki wa pembeni walitutazama sisi na kufuata. Jamani, tulikuwa hatupitiki.

Tukafika fainali ya vyuo. Klabu moja kubwa ilileta mtu wa kututazama, na kocha alituambia wazi kwamba wanataka beki mmoja tu. Nasor akanikumbatia, akaniambia, "Atakaechukuliwa, ndo tumechukuliwa sote." Nikamwamini. Kuelekea mwisho wa mechi, bado hakuna aliyemfunga mwenzake, nikamwona mshambuliaji wao anajisogeza. Nikapiga kelele, "Mandazi! Mandazi!" Siku hiyo hilo ndilo lilikuwa neno la kupanda. Nikapanda, mkono juu. Nasor akaganda pale pale nyuma. Kwa kuwa alibaki, yule mshambuliaji hakuwa ameotea. Akapokea mpira, akafunga. Mimi nikaonekana nimesimama huko mbele na mkono wangu hewani, nimemwachia mtu njia, na Nasor akaonekana ndiye beki pekee aliyekuwa na akili ya kumkimbiza.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha aliuliza kwa ukali nani aliyesema tupande. Nikamwambia nimeita. Akamgeukia Nasor. Nasor akatazama viatu vyake, akasema, "Mimi sikusikia kitu." Mabeki wa pembeni wakasema wao walisikia kelele za Kiswahili kama siku zote, maana yake hawaijui. Kati ya watu wote uwanjani shahidi wangu alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo. Klabu ikamchukua. Mimi nikawekwa benchi, nikamaliza chuo hakuna aliyeniita popote. Mechi za Nasor baba huzitazama kwenye televisheni, nikiingia sebuleni anabadilisha chaneli.

Kwa muda mrefu nilijiambia labda kweli kelele za watu zilimziba masikio. Mpaka mwaka jana, kwenye harusi ya mwenzetu mmoja huko Bustan. Tumekaa na wachezaji wa zamani, halwa katikati, nikamuuliza kwa utani, "Hivi siku ile kweli hukunisikia?" Akanijibu kwa Kiswahili, mbele ya wenzetu wasioelewa, "Mandazi niliyasikia, yakhe. Lakini wao walikuwa wanataka mmoja. Ungefanyaje wewe?" Akanipiga begani, akachota halwa. Wenzetu wakacheka wakidhani ni mzaha wetu wa kawaida. Na mimi nikacheka. Kicheko changu kile ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Wiki hii, baada ya sala ya alasiri, jirani yetu, nitamwita ami Said, alinishika mkono nje ya msikiti. Nasor amemposa binti yake. Mnajua kwetu posa haijibiwi mpaka kijana aulizwe kwa wanaomjua.

"Wewe umecheza nae miaka, mwanangu," akaniambia. "Wengine wote wananisifia mpira wake, mie mpira siuozeshi. Nnakuuliza wewe. Ukinambia kijana mwema, nnampa. Ukinyamaza, ntakuwa nshafahamu, wala sintokuuliza kwa nini."

Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa.

Jioni yake Nasor akanipigia simu, sauti yote furaha. "Ami Said kashakuja? Jina lako nilimpa mie. Nani mwengine anijuae kuliko wewe?" Hakuomba radhi. Jambo lile hata halimo akilini mwake. Anampenda yule binti, nilisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa inatetemeka, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kuisikia inatetemeka.

Mama nimemweleza. Kasema, "Usimharibie mtoto wa watu, ule ulikuwa mpira tu." Kwake ulikuwa mpira. Kwangu yalikuwa maisha. Halafu najiuliza, mtu aliyeniacha peke yangu mbele ya uwanja mzima, nimsifie kwa baba anayetaka kumkabidhi binti yake? Ila sitajitakasa. Simfikirii binti. Namfikiria Nasor, atakavyosubiri jibu.

Sihitaji kumzushia pombe wala wanawake. Ami Said ataniuliza, nami nitatazama viatu vyangu na kusema, "Mimi simjui vizuri." Basi. Nimeyarudia maneno hayo kwenye gari mpaka yamekuwa mepesi mdomoni.

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini, niseme ni kijana mwema au ninyamaze? Ila atakayeniambia nisamehe, kwanza anieleze nimsamehe mtu gani, maana aliyenikosea mwenyewe hajasikia kitu.