Nyumba Isiyohesabu Watoto

Kwetu Kakuma mtoto hahesabiwi. Mbuzi pia hahesabiwi, ila mbuzi anaangaliwa vizuri zaidi. Jioni nyanya akisimama mbele ya zizi anajua kwa rangi na kwa pembe nani hajarudi, na sijawahi kumsikia akitaja namba. Ukihesabu unaita macho mabaya, na macho yakija hayaondoki mikono mitupu. Nilipokuwa darasa la pili nilirudi nyumbani na hesabu mpya kichwani, nikawapanga wadogo zangu mstari, nikaanza na kidole: moja, mbili... Sikufika tatu. Akala ya nyanya, ile ndala ya tairi, ilinifikia kwanza.

Sasa niko kidato cha tatu, nasoma bweni Lodwar, na mgongo wangu bado unaikumbuka hiyo akala.

Likizo ya Agosti, dada mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya boma letu, vumbi mpaka kwenye kope, tableti ameikumbatia kama mtoto mchanga. Alitoka Kenya. Nyanya husema hivyo, na Kenya yake inaanzia Kitale kwenda chini. Akasalimu "Ejok" kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njia nzima, na Kiturkana chake kikaishia hapo. Mkalimani nikawa mimi. Angejua, angemchukua hata jirani yetu kiziwi.

Alieleza kwamba yeye na wenzake wanafanya utafiti kuhusu nyumba zinazolea watoto wa ndugu. Nyumba ikiingia kwenye orodha, wadogo watatafutiwa cheti cha kuzaliwa, nafasi ya chekechea, na uji wa saa nne.

Niliposikia chekechea nikamtazama yule mdogo. Ni binti wa mama yangu mdogo, aliletwa kutoka Lokori baada ya ukame kuwamalizia mbuzi. Muhula mzima, kila asubuhi alikuwa anaenda kusimama nje ya ua wa miiba ya mathenge wa chekechea, anachungulia, anaimba pamoja nao. Mwalimu alimpenda, lakini aliambiwa asipokee mtoto bila cheti. Jioni alikuwa anarudi kuwafundisha wa nyumbani nyimbo zote, nusu ya maneno kayabuni mwenyewe. Orodha ile ilikuwa yake kabla hata hajajua inaitwa orodha.

"Shosho, hapa kuna watoto wangapi?" dada akauliza.

Nikatafsiri. Nyanya akaendelea kusuka kikapu chake.

"Mwambie wanatosha."

"Anasema wanatosha."

"Wanatosha ni wangapi?"

"Mwambie ni wale wanaokuja kula."

"Madam, anasema ni wale wanaokuja kula. Na hapa kila mtu anakuja kula, hata wewe ukikaa sana."

Dada akafuta jasho. Alikuwa mvumilivu, lazima niseme. Akaomba basi majina tu, na hapo nyanya hakukataa, kwa sababu jina si namba. Shida ni kwamba kwetu mtoto mmoja ana jina la kuzaliwa, la ubatizo, na lile ambalo nyanya humwita akiwa na furaha. Nyanya aliyataja yote, na mimi niliyatoa yote kwa pumzi moja. Dada alipoandika kila jina kwenye mstari wake, niliona. Niliona kabisa. Lakini kidole chake kilikuwa kinakimbia vizuri sana, nikasema nisimkatize mtu kazini.

Mwishoni nikaongeza jina la mbuzi wangu.

"Huyu ana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Anakula nini?"

"Chochote, madam. Juzi alikula karatasi."

"Na usiku analala wapi?"

"Nje."

Akaandika kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Mimi nilienda nyuma ya nyumba, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya nne alirudi, na safari hii alikuja bila tabasamu. Alikataa mkeka, akabaki amesimama.

"Mwambie shosho wakubwa wangu wamesoma fomu. Nyumba ya chumba kimoja, watoto kumi na tisa. Wamesema nyumba hii inadanganya. Nisiporekebisha leo, inatolewa."

Yule mdogo alikuwa amekaa kwenye mtungi wa maji, anaimba wimbo wa siku za juma, ameruka Jumatano. Nikamtafsiria nyanya neno kwa neno, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi. Nyanya akaacha kusuka. Hakumwangalia dada, aliniangalia mimi.

"Wewe mtoto. Umefanya nini?"

Nikasema yote, Kiturkana kwa nyanya, Kiswahili kwa dada, nikijishitaki mara mbili. Majina matatu ya mtu mmoja. Na yule wa mwaka na nusu... nikaonyesha kwa kidole. Mbuzi alikuwa anatafuna gunia.

Dada alimtazama mbuzi.

"Nilimwombea," akasema. "Jumapili, kanisani. Nilisimama nikaomba watu wamwombee."

Sijui nani alianza. Nadhani ni nyanya, nilipomtafsiria. Alicheka mpaka kikapu kikaviringika, dada naye akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, mabega yakimtetemeka. Mimi sikuthubutu kucheka. Akala ilikuwa karibu.

Lakini namba bado ilitakiwa, na nyanya bado hakutaka kuitoa. "Sitawaitia macho watoto wa watu kwa ajili ya uji," akasema. Dada akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye tableti. Nilijua kwa sababu aliiweka chini.

"Muulize, giza likiingia anajuaje kama wote wamefika?"

Nyanya akamtazama kama mtu ambaye hatimaye amesema jambo la maana.

"Kwa vikombe, binti yangu."

Akaniagiza nivitoe. Kwetu kila mtoto ana kikombe chake, na asubuhi vyote hupinduliwa kwenye ubao. Ukirudi unageuza chako unywe. Kilichobaki kimepinduliwa, mwenyewe bado yuko njiani. Nilivipanga juani: changu chenye ukingo uliotafunwa, cha plastiki cha kaka, kopo la mafuta ya msaada lililotiwa mkono wa waya, na vingine.

"Hivyo hesabu," nyanya akasema. "Vikombe havifi."

Dada akahesabu kwa macho tu, midomo imefungwa. Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa anaandika nilipoona kosa.

"Nyanya, yule mdogo hana kikombe."

"Anakunywa changu."

"Basi hayumo."

Nyanya akavuta kikapu chake karibu. Ndipo nikaelewa ambacho sikuwahi kuuliza. Mama wa yule mdogo alisema atamfuata mvua ikinyesha. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Kumpa mtoto kikombe ni kusema huyu anakaa, na nyanya hakutaka kuwa wa kwanza kusema hivyo.

Mdogo alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa anatazama mstari wa vikombe kama alivyokuwa anachungulia ua wa mathenge.

Nyanya aliinuka, magoti yakalia, akaingia ndani. Alitoka na kikombe cha bati cha bluu, cha marehemu babu, ambacho sisi wengine tulikatazwa hata kukigusa. Akakifuta kwa shuka lake, akakiweka mwisho wa mstari.

"Mama yake akija," akasema, "atamkuta ana kikombe. Si vibaya."

Sitaandika hapa vilikuwa vingapi. Nyanya hajui kusoma, lakini ana watu wanaomsomea.

Cheti kilichukua muda, kama vyeti vyote. Nilipokuja nyumbani katikati ya muhula wa tatu, mdogo alikuwa na wiki mbili chekechea, na Jumatano imerudi mahali pake. Dada wa tableti, nimeambiwa, sasa kila boma anaomba kwanza aonyeshwe vikombe.

Asubuhi iliyofuata mdogo alikunywa chai, akajinyoosha mpaka kwenye ubao, akapindua kile cha bluu kwa mikono miwili.

"Msikiguse," akatuambia. "Niko njiani."