Baruti Juu ya Mafiga

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyokausha baruti kama mahindi ya mbegu.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli ikipasua mawe kuja Korogwe. Mimi kijana wa Handeni, shule nimeikimbia mapema, miguu haitulii, na kila nisichokijua lazima nikishike. Nilikuwa mpagazi wa vipipa vya baruti, kutoka stoo hadi kwenye miamba.

Asubuhi hiyo niliteleza nikivuka kijito, baruti ikalowa. Aliyeharibu mali ya reli alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya watu. Nikaogopa. Nikalibeba pipa kwa kificho hadi kibanda chetu cha wapagazi, huko Manundu.

Sisi Wazigua, mbegu ikipata unyevu tunaipandisha uchagani, juu ya mafiga, moshi uikaushe. Mama yangu aliokoa mahindi hivyo kila masika. Nikawaza, kama moshi hauharibu mahindi, utaufanya nini unga huu mweusi uliotulia? Nikaimimina baruti ungoni, nikaiweka juu, nikachochea moto. Nyuma ya ukuta wa fito alilala Mhina, mpagazi mwenzangu kutoka Mpale, homa imemshika hata hawezi kuinuka.

Mzee Semboja, fundi wa kulipua miamba, alikuja kumjulia hali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu. Nikamwamkia shikamoo. Macho yake yalikuwa juu, uchagani.

"Mtoe mwenzako kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Mpeleke mbali. Usirudi mpaka nikuite."

Nilimbeba Mhina mgongoni mpaka ng'ambo ya shamba, naye akinung'unika kwamba nimemwamsha bure. Mzee alibaki ndani peke yake. Baadaye alinieleza kwamba alivuta kuni moja moja, taratibu kama mtu atoaye mwiba, akazizamisha mtungini, akangoja mafiga yapoe. Ndipo aliposhusha ungo, akaniita, na baruti yote tukaimwaga kijitoni.

"Ulikuwa unapika nini, mjukuu wangu?" aliniuliza.

Nikamwambia nilikuwa naikausha tu.

"Mahindi yakiungua mnalala njaa. Hii ingeungua, nani angebaki wa kulala njaa?" Akaniinulia ule mkono. "Na mimi niliona imetulia. Usiulize kitu kinafanana na nini. Uliza kinaamshwa na nini, na nani amelala karibu yake."

Hakuniambia niende kwa msimamizi. Nilikwenda mwenyewe, jua likiwa bado juu, nikasema yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi yangu yalikuwa karibu kumuua mwingine. Hamsa ishirini nilizipata zote. Tangu hapo nikaomba kufanya kazi chini ya Mzee Semboja, na kila pipa, kila chupa, kila gunia, nilikiuliza maswali yale mawili kabla ya kukigusa.

Mwanangu, leo unafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, na stoo yenu imejaa vitu vya mzungu. Mbolea ile nyeupe inafanana na chumvi, lakini si chumvi. Usiilaze pamoja na mafuta, maana vikichanganyika vinaweza kulipuka. Petroli unaiona imekaa kwenye debe, kumbe mvuke wake unatambaa chini kutafuta moto. Na mawe ya taa ya kabaidi yaweke pakavu, kwa maana maji yanayoilaza baruti ndiyo yanayoyaamsha hayo, yakatoa hewa inayoshika moto. Ulichojifunza kwa kimoja usikibebeshe kingine. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Basi chunguza ujirani wa vitu. Usipojua, uliza, hata ukichekwa. Ukikosea, sema upesi, hata kama kiboko kinakungoja.

Mgongo wangu una makovu hadi leo. Mhina alipona homa ile, akaoa, na wajukuu zake wakija hapa hunipanda mgongo huohuo.

Mungu akulinde, mwanangu, na walalao karibu na kazi yako waamke salama.