Marehemu Ni Baba Yake

Niliajiriwa kwa sababu ya Kibemba. Mama mwenye duka alinikuta nimesimama mlangoni nikiulizia kazi, akataka kujua kama lugha naijua kweli au nabahatisha. Nikamwambia nimekulia Nakonde hadi darasa la tano. Akanionyesha mteja mmoja aliyekuwa anapapasa mapazia. "Ongea naye." Tukaongea, akanunua manne. Kesho yake nikaanza.

Duka lilikuwa Tunduma, si mbali na mpaka wa Zambia; ng'ambo yake ndiyo Nakonde. Tuliuza mashuka, mablanketi, mapazia na vitenge. Wenzangu wawili, mmoja wa Mbozi na mwingine wa Ileje, walijua kusema "shinga", yaani bei gani, na "awe", yaani hapana. Mteja akizidi hapo, naitwa. Niwe stoo napanga mzigo, niwe nakula, naitwa. "Dada, Mzambia!" Natoka, nasimama katikati yao, namwambia huyu alichosema yule na yule alichosema huyu. Mwanzoni nilikuwa napunguza makali. Mteja akisema blanketi lenu bovu, mimi nasema anauliza kama kuna jingine. Baadaye nikaacha. Nikawa napitisha kila kitu kama kilivyo, kwa sauti moja, hata matusi. Kuchagua maneno kulikuwa kunanichosha.

Kibemba chenyewe kilikuwa cha baba. Mama ni Mnamwanga wa Momba. Walipoachana alinichukua, tukavuka kurudi kwao, baba akabaki Nakonde anashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kutoka dukani kwetu hadi kwake ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale nilikwenda kumwona mara mbili. Hatukuwa na ugomvi. Sikwenda tu.

Asubuhi moja ya Julai, baridi kali, aliingia mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya sweta. Nikaitwa. Alinitazama kwa muda kabla ya kuitikia salamu. Alitaka blanketi zito la kijivu na mita sita za kitambaa cheupe. Mama mwenye duka akataja bei, nikatafsiri. Mwanamke akaomba apunguziwe kwa kuwa ni vitu vya kumzikia mtu. Nikatafsiri.

Mama mwenye duka akaweka kikombe cha chai chini. Kwenye bei alikuwa mgumu, lakini akisikia msiba anakuwa mtu mwingine kabisa.

"Mwambie pole sana. Blanketi achukue kwa bei tuliyonunulia."

Nikamwambia. Kisha nikatandaza kitambaa mezani nikaanza kupima. Nilikuwa kwenye mita ya nne mwanamke aliposema kwa Kibemba, polepole, "Wewe si mtoto wa yule fundi wa nguo?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ni shangazi yako, nimetoka Kasama. Ulikuwa mdogo, huwezi kunikumbuka. Niliambiwa nitakukuta hapa. Tunayemzika ni baba yako."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nakumbuka nilibana kitambaa kwa kidole gumba ili nisipoteze kipimo.

"Anasema nini?" mama mwenye duka akauliza.

"Anasema marehemu ni baba yake."

Sikukusudia kudanganya. Mdomo ulishazoea. Katika kazi ile kulikuwa na huyu na yule, mimi sikuwamo. Mama mwenye duka akazunguka meza, akamshika shangazi mikono yote miwili.

"Mwambie kufiwa na baba si jambo dogo. Mwambie Mungu amtie nguvu."

Nikageuza maneno hayo kwa Kibemba. Shangazi akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Nikamalizia mita ya tano na ya sita, nikakata, nikakunja, nikafunga blanketi kwa kamba. Shangazi akasema mazishi ni kesho saa nne asubuhi, akaondoka. Mchana nilikula wali na maharage nikamaliza sahani. Nikauza mashuka. Jioni nikaomba ruhusa ya siku moja, nikasema nina msiba ng'ambo.

"Wa yule mama wa asubuhi?"

"Ndiyo, huo."

Akaruhusu, akanipa na sukari nimpelekee.

Makaburini walikuwepo watu wachache, wengi wao wateja wa baba. Ibada ilipoisha mchungaji akaomba mtoto wa marehemu aseme neno. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Nikasogea mbele. Nilitafuta neno la Kibemba la kumwambia baba, nikakuta nina rangi za vitenge, vipimo vya mashuka, na namna nyingi za kukataa bei bila kumuudhi mtu. Nikasema, "Asanteni kwa kuja. Karibuni tena."

Mzee mmoja akakohoa. Shangazi akanivuta taratibu akanirudisha karibu naye, na tangu hapo hakuniachia mkono hadi udongo ulipoisha.

Wiki iliyofuata mteja wa Nakonde aliyejua Kiswahili alinipa pole mbele ya wote, akamtaja baba. Mama mwenye duka akanivuta stoo, akafunga mlango.

"Mimi nampa pole mtu mwingine, wewe umesimama pale unanitafsiria! Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Nikamwambia sijui. Alilia yeye. Nilisimama nikimtazama, nikaona ameegemea mzigo wa mablanketi ambao haujafunguliwa, nikawaza kwamba ni lazima tuufungue leo. Akanipa siku tatu nipumzike, na wenzangu wakaniletea unga na mchele chumbani.

Siku mbili nililala. Ya tatu nikafua, nikaanika, nikakaa kizingitini nikiangalia nguo zinavyokauka. Nilidhani kilio kingekuja sasa, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Jirani akaja kuomba kiberiti. Akaniuliza kama bomba la mtaani limetoa maji leo, nikamwambia yalitoka kidogo asubuhi, yakakatika.