Mdudu Aliyemkaba Bwana Danieli

Nikinusa samaki wa kukaanga, hata leo, nacheka kwanza ndipo nasikia njaa. Mama yangu, Mganda, alikuwa na hoteli ya mabati pale Munuki, mjini Juba, karibu na steji ya boda, siku zile bendera ya nchi mpya ilikuwa bado haijapauka. Mteja wake wa kila siku alikuwa Bwana Danieli, fundi wa jenereta kutoka Rasi, kusini kabisa mwa Afrika. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiafrikana, yenye sauti kama mtu anayekwangua sufuria kooni.

Mchana mmoja, hoteli imejaa, alisimama ghafla, akanyoosha kidole mezani na kusema, "Khokha!"

"Mwiba imemkaba," Mama alisema, akamtwanga mgongoni. Dereva wa boda akamshika kiunoni, akamnyanyua. Samaki akaenda chini, ugali ukamfuata.

Alipopata pumzi alieleza kwa sauti ya chini: hakukabwa. Khokha kwao ni mdudu. Alikuwa ameona mende kando ya sahani.

Mama aliwatazama wateja, walioacha kula wote. Akamnong'oneza, "Wewe iko na mwiba."

Bwana Danieli alifikiri kidogo, akaelewa, akakohoa vizuri sana. Wiki nzima alikuja akikohoa, na Mama akimchemshia tangawizi kwa koo lisilo na kitu.

Nilimsihi Bwana Danieli anifundishe ile sauti. Nikirusha mate mezani, alinieleza kwamba neno lile walilipata kwa wenyeji wa Rasi, waliokuwepo kabla ya meli za Waholanzi. Ndizi waliiita pisang, neno la watumwa walioletwa kutoka visiwa vya mashariki, mababu zake wakiwemo.

"Waholanzi walileta unga wa lugha yetu," alisema. "Waliokanda ni watu wa jikoni."

Kisha vita vikazuka. Bwana Danieli alitupakia kwenye gari lake tuwahi ndege ya Entebbe. Njiani watu wenye bunduki walitusimamisha, mahali walipokuwa wamewaketisha wengine kando ya barabara. Walikuwa wakimsalimu kila msafiri na kusikiliza anavyojibu. Nilitaka kuwaonyesha sauti yangu mpya. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, akajibu mwenyewe kwa Kiarabu cha Juba, taratibu. Tukaruhusiwa. Nilinuna mpaka Entebbe.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba waliokuwa wameketishwa kando ya barabara siku ile hawakuwa na kosa ila namna walivyotamka maneno, iliyotaja kabila lao. Mama alijua. Kiganja chake kilinibana mdomo mpaka tulipopita, nami nikadhani ni hasira.